Padri Asiyekula kwa Watu

Padri Thobias hakula kwa watu. Hilo ndilo la kwanza tulilolijua juu yake, kabla hatujajua kwao ni wapi.

Alihamishiwa parokia yetu akiwa mzee tayari, wa umri wangu au kunizidi kidogo. Mrefu, mwembamba, shingo ndefu, mtu wa kutembea kama aliyeachiwa njia peke yake. Siku ya kumpokea akina mama walipika pilau na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese. Akabariki chakula. Akakaa mezani, sahani mbele yake. Akanywa maji. Sisi tunakula, yeye anaongea nasi vizuri tu, anauliza habari za ziwa, nani kapata samaki na nani kakosa. Mpaka watu wananawa mikono, sahani yake ilikuwa kavu.

Mimi ni Mbembe. Baba yangu alivuka ziwa kutoka ng'ambo akajenga ufukweni Kibirizi, na mimi nimeunda mitumbwi palepale mpaka mgongo ulipokataa. Kwetu ufukweni wanaume wanakula sinia moja. Ukikataa chakula cha mtu umeshasema neno, tena neno baya. Umesema nyumba hii ina sumu. Nimeona ndugu wakipelekana kwa mtendaji kwa sababu ya tonge lililokataliwa.

Kwa hiyo nilimtilia shaka tangu siku ile. Na mke wangu Leonia, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama, nilimwona akiitazama ile sahani. Wenzake walikuwa wananong'ona. Yeye hakushangaa. Hilo nililiona.

Habari za Padri nilizipata kwa Pastory, katekista wetu. Pastory ni Muha wa Kasulu, mtu wa utani.

"Mzee Samson, huyo usimchezee. Huyo mtoto wa mtwale."

Mtwale ndiye aliyeshika kilima na watu wake chini ya mwami, yaani mfalme, zamani huko Buha, kabla serikali haijaondoa machifu. Alikuwa na ng'ombe, na watu wa kuwachunga ng'ombe, na watu wa kuwachunga hao wachungaji.

"Mtoto wa mtwale anatafuta nini kwa wavuvi?"

"Roho zenu. Nasikia mmezificha kwenye mitumbwi."

Alinisimulia kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile. Thobias alizaliwa nyumba kubwa ya nyasi juu ya kilima, akakuzwa kwa maziwa. Ndiye mtoto ambaye baba yake alimtaka ashike mahali pake. Mapadri wazungu wakaja kuomba mtoto wa shule. Mtwale hakutaka kumtoa wake. Akawapa mtoto wa mchungaji mmoja, akamvalisha vizuri, akasema huyu ndiye damu yangu. Wakaondoka naye. Thobias akawafuata nyuma kwa miguu, akawakuta wamepumzika mtoni, akawaambia wamedanganywa, mwana wa mtwale ni mimi. Yule mwingine akavua nguo nzuri palepale, akamwachia, akarudi kwenye ng'ombe wake anakimbia.

"Baba yake akasemaje?" niliuliza.

"Hakusema. Alikaa miaka bila kumtaja jina."

Akiwa bado seminari, machifu wakaondolewa. Ukatwale ukaisha. Watu wa milimani wanasema Thobias aliacha enzi kwa ajili ya Mungu. Mimi nilimwambia Pastory: aliacha kitu ambacho chenyewe kilikuwa kinaondoka. Mtu mwenye akili anashuka kwenye mtumbwi unaovuja kabla ya wenzake.

"Wewe Mbembe una roho mbaya," alisema Pastory, lakini alicheka.

Siku ya upadrisho yule baba yake alikuja. Akakaa nyuma kabisa kwenye kigoda alichokuja nacho. Wazee waliingia kanisani, badala ya kwenda mbele kwa askofu wakaenda nyuma, wakamwinamia yeye na kupiga makofi taratibu, kama wanavyosalimia wakubwa wao. Tangu hapo Padri Thobias amezunguka parokia nyingi. Walitaka kumweka ofisini kwa askofu, akaomba atumwe makambini, wakati Warundi wanakimbia vita. Alilala kwenye turubai kama wao. Na huko nako hakuonekana akila. Wakimbizi walisema anaishi kwa hostia.

Hapa kwetu alikuwa anajifulia kanzu mwenyewe na kuianika kwenye uzio, kila mtu anaona. Waha wa milimani wakikutana naye sokoni wanainama, wanapiga makofi. Anawashika mikono wasipige. Anapowaachia wanapiga. Watu walisema ni mnyenyekevu. Mtu aliyezaliwa akifuliwa, akianza kujifulia, mimi namtazama mara mbili.

Kisha akaanza kuja nyumbani kwangu.

Ilikuwa zamu yetu ya jumuiya, watu wamekuja kusali hapa Katubuka. Baada ya sala Leonia aliwapa wote chai. Kwa Padri akaleta maziwa kwenye kikombe cha bati, amekifunika kwa sahani. Akakiweka kando, akageuka, akasimama akiwa amempa mgongo. Niliona ni adabu mbaya kwa mgeni. Padri hakukasirika. Aliutazama ule mgongo, akasema, "Leonia."

Katubuka yote ilimwita Mama Diana. Hata mimi mbele ya watu nilimwita Mama Diana. Huyu, mgeni wa juzi, anamwita jina lake.

Usiku nilimuuliza. "Mnajuana?"

"Nilizaliwa Kasulu."

"Na yeye?"

"Kasulu ni kubwa, Samson."

Akageukia ukutani. Leonia hakuwa mwanamke wa kuficha. Tulikuwa tumezeeka pamoja na nilidhani nimeshafungua kila sanduku.

Siku moja nilirudi mapema kutoka Kibirizi, ambako bado nilikwenda kuwaelekeza vijana, mvua imewafukuza mafundi. Nikamkuta Leonia sebuleni, amesimama, mgongo kwenye mlango wa chumba cha ndani, uso nje. Mlango umefungwa. Alikuwa anacheka. Kicheko cha chini chini, cha msichana. Sikuwahi kukisikia. Aliponiona kikakatika.

"Umewahi," alisema.

"Nani yuko ndani?"

"Padri."

"Anafanya nini chumbani kwangu?"

"Amepumzika."

Mlango ukafunguka. Padri Thobias akatoka, anajifuta mdomo kwa leso. "Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Samson."

"Milele na milele," nilisema. Hilo hata ukiwa na hasira unalijibu.

Jioni Leonia akaniletea ugali na maharage. Asubuhi nilikuwa nimeleta mgebuka mnene mwenyewe, nimemchagua mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki.

"Mgebuka yuko wapi?"

"Paka amemchukua."

"Paka gani? Sisi hatuna paka."

"Wa Yunisi."

Yunisi ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Kesho yake nilimuuliza habari za paka wake.

"Mimi nafuga mbwa, Baba Diana. Unamsikia kila siku anavyobweka." Akapepeta mchele wake kidogo, hanitazami. "Labda paka huyo anavaa kanzu."

Nilicheka kwa meno. Rohoni nilikuwa nimechomwa. Ikiwa Yunisi anajua mlango unafungwa, basi mtaa unajua.

Sikumpiga Leonia, sikumfokea. Sikuwahi, na uzeeni nisingeanza. Niliacha tu kwenda Kibirizi. Nilikaa barazani kwangu mchana kutwa, nikisuka kamba. Padri akapita, akanisalimu, akaendelea na njia yake. Leonia akawa anapika bila kuimba. Siku nyingine anafungua mdomo kama anataka kusema neno, halafu anauliza nitaoga saa ngapi.

Masika yalipofika Leonia akaugua. Kifua, halafu miguu ikavimba, halafu hakuweza kulala chali. Hospitali walimrudisha nyumbani. Padri Thobias akaja na mafuta ya wagonjwa. Akaniomba nitoke, mgonjwa atubu kwanza. Ni sheria, nilitoka. Mlango ukafungwa, safari hii mimi ndiye niko nje.

Nilimsikia Leonia akisema, sauti ndogo, maneno ya Kiha. Mimi Kiha nasikia cha sokoni tu. Padri akasema neno. Kisha Leonia, ambaye pumzi ilikuwa haimtoshi kunywa uji, akacheka. Kile kicheko.

Alikufa kabla jua halijazama. Padri alimzika. Nilimshika mkono kama wafiwa wanavyoshika, kwa sababu watu walikuwepo.

Mwaka ukafika. Kwetu mwaka ukifika familia inaweka msalaba wa kudumu na padri anaubariki. Diana, binti yetu, ameolewa Tabora. Alikuwa ameshaagiza msalaba wa chuma, umepakwa rangi nyeupe, umeegemea ukuta wa jikoni. Kila nikienda kuchota maji nauona. Pastory akaja kupanga siku.

"Padri Thobias hataubariki," nilimwambia.

"Paroko ni yeye, Mzee. Nitamtoa wapi mwingine, ziwani?"

"Basi msalaba ukae hapo ulipo."

Alinitazama. Utani ukamtoka. "Mama Diana yuko chini ya kipande cha ubao, mvua imeshafuta jina. Mtu akipita hajui ni nani. Unamnunia marehemu?"

"Nataka kujua alikuwa nani."

Hakuelewa, au alielewa. Aliondoka.

Siku ya pili yake Padri alikuja peke yake, kwa miguu. Nilikuwa nimekaa mbele ya jiko la mkaa pale barazani, nakaanga migebuka. Mimi si mpishi. Mafuta yalikuwa mengi na moto mkali. Nilimpa kigoda. Sikusimama.

"Pastory ameniambia," alisema.

"Vizuri. Basi niambie na wewe. Nyuma ya mlango wangu kulikuwa na nini?"

"Leonia hakukwambia?"

"Angeniambia nisingekuuliza. Na usimwite hivyo."

Aliwatazama migebuka kwenye kikaango. Mafuta yanalia. Kisha akasema, "Kulikuwa na samaki."

"Samaki."

"Nilikuwa nakula samaki."

Nilimwambia mtu hafungi mlango kwa sababu ya samaki. Ziwa lote hili, watoto wanakula samaki wakitembea barabarani. Alisema ndiyo, huku kwenu.

Ndipo akanieleza. Alizungumza akiangalia mikono yake. Kwao baba yake alikula ndani, mlango umefungwa. Kilima kizima kilijua mtwale anakula, na hakuna aliyelitaja. Maziwa aliweza kuyanywa mbele ya watu. Kutafuna, hapana. Ukimwona mtwale anatafuna umeshamwona kama mtu mwingine yeyote. Na yeye akalelewa hivyohivyo tangu meno ya kwanza. Seminari alijaribu kuacha. Alikaa mezani na wenzake, koo likafunga. Wakubwa walidhani anaugua, wakamruhusu kula jikoni wenzake wakishatoka. Padri miaka yote hii, anawaambia watu sisi ni sawa mbele ya Mungu, na tonge halipiti.

"Na samaki?"

"Samaki kwetu alikuwa kama nyoka. Anayemla haruhusiwi zizini. Hao wanaonipigia makofi sokoni, wakisikia mwana wa mtwale anakula samaki..." Hakumaliza.

"Na mke wangu anaingiaje hapo?"

"Baba yake alichunga ng'ombe wa baba yangu. Yeye mtoto mdogo, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mtwale akila. Mgongo ndani, uso nje, asiingie mtu. Ile siku ya jumuiya aliweka maziwa, akageuza mgongo. Hakuna anayegeuza mgongo hivyo mjini. Nikamjua."

Hapo hasira ilinipanda kweli. Nilimwambia mke wangu hakuwa mtumishi wako. Alikuwa na nyumba yake, na mume, na alikuwa bibi wa watu. Umekuja kumrudisha mlangoni kwa baba yako.

"Nilimwambia asisimame," alisema Padri. "Siku ya kwanza kabisa nilimwambia, Leonia, hayo yamekwisha. Akasema, Padri wewe kula, kazi hii naijua. Akafunga. Nikiwa ndani namsikia anasema, 'Mtwale, umefika kichwani? Usiache macho.' Nikikohoa anasema, 'Mwiba umekataa ukatwale.' Alikuwa ananicheka, Mzee Samson. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunicheka nikila. Ndiyo maana chakula kilipita."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alisema wewe ungekwenda kulisimulia Kibirizi."

Ningekwenda. Ni habari nzuri sana, ile.

Lakini mtu anaweza kutunga. Padri amesoma, na mtwale ni baba yake, aliyewahi kuvalisha mtoto wa mchungaji akasema ni damu yake. Nilitoa mgebuka kwenye mafuta, upande mmoja umeungua. Nikamwekea kwenye sahani na ugali. Nikamwambia, "Kula."

Akatazama mlango wa nyumba.

"Hapa," nilisema. "Barazani."

Njia inapita mbele ya baraza yangu, watu wanatoka kisimani. Yunisi alikuwa uani kwake na ungo. Padri Thobias alinawa. Alikaa na ile sahani mpaka nikadhani ataondoka. Jasho lilimtoka mdomo wa juu. Kisha akaushika mkia.

Sasa ngoja niseme. Wale wa milimani wanaothubutu kumla mgebuka wanamvunja vipande, wanatema miiba kila upande. Watu wa hapa mjini wanaanzia tumboni. Baba yangu alianzia mkiani. Unapasua ngozi kwa kidole gumba, unafuata uti pande zote mbili, halafu unauinua mzima, taratibu, kutoka mkiani kwenda kichwani, unatoka kama kitana. Kichwa unakula mwisho. Ni kwetu tu, nyumba yetu. Leonia nilipomwoa alikuwa hajawahi kula samaki, anaogopa miiba mpaka analia. Nilimfundisha mimi, kidole changu juu ya kidole chake.

Padri Thobias alipasua kwa kidole gumba. Akafuata uti pande zote. Akauinua mzima.

Nilitazama mkono ule. Lile tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu, shingo ile ndefu ikapanda na kushuka, likapita.

Pastory akatokea njiani na baiskeli. Alipomwona Padri akitafuna aligeuza uso haraka, kama mtu aliyekuta mwenzake anaoga. Akataka kupita.

"Pastory," aliita Padri. "Njoo."

"Sijaona kitu, Padri."

"Umeona. Njoo ukae."

Akaja, macho chini. Nikampa samaki wake, nikaleta sinia ili ugali uwe mmoja. Tukala watatu. Pastory alikuwa anakata matonge madogo kama mgonjwa na hainui kichwa. Katikati akasema kwa sauti ndogo, "Padri, huyu ameungua."

"Ndiyo," alisema Padri. "Wa Leonia hakuwa anaungua."

"Wa Mama Diana," nilisema.

"Wa Mama Diana."

Yunisi aliweka ungo chini, akaegemea ukuta wake, akatazama waziwazi. Nilijua mpaka jioni mtaa mzima utakuwa umepata. Wale wa sokoni pia. Padri alijua. Alikula kichwa, akanyonya macho.

Tuliponawa nilimwambia Pastory aandike Jumamosi. Diana apigiwe simu. Msalaba utabarikiwa na paroko. Pastory akashukuru, akapanda baiskeli, akaenda zake akigeuka nyuma mara kwa mara.

Nikabaki na Padri. Nilikuwa na neno moja.

"Siku ile ya mafuta. Mlinitoa nje. Alikuwa hana pumzi, na alicheka. Alisema nini?"

"Mzee Samson."

"Nimeuliza."

"Alikuwa kwenye kitubio. Hilo siwezi."

"Watu wanacheka kwenye kitubio?"

Nilimtazama usoni kwa muda, naye hakukwepa macho. Mlango ule mwingine nilikuwa nimeufungua, nikakuta samaki. Huu hana ruhusa ya kuufungua, na mimi sitajua. Inawezekana walikuwa wanamsema mgebuka. Inawezekana walikuwa wananisema mimi.

Jumamosi tulikwenda makaburini. Diana alilia. Chuma kilikaa sawa, jina linasomeka ukiwa barabarani: LEONIA, na chini yake MAMA DIANA, niliomba yawepo yote mawili. Padri Thobias alinyunyiza maji. Wazee kadhaa wa milimani walikuwepo. Hawakupiga makofi. Mmoja alimpa mkono kwa ncha za vidole, akaufuta kwenye koti.

Nyumbani akina mama walipakua. Padri aliitwa mezani na viongozi, akaja kukaa kwetu wanaume wa ufukweni, kwenye sinia. Nilimsogezea nafasi. Nilikaa upande ambao ningeweza kumwona vizuri.